Hela ya Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo nimeamka fundi funguo wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Nalala mtu wa mambo ya kale!

Nilikwenda kwa Mzee Bader kutengeneza kufuli la kabati. Mzee Bader anauza vitambaa kama baba yake na babu yake, Waarabu waliotoka Oman na kuuzoea mji huu kabla haujapata lami. Kila msomi anayetafuta habari za zamani hupelekwa kwake. Akaniambia amekuja Dokta Elsa, binti wa Kirundi aliyekulia Ubelgiji. Amepanga nyumba Kiriri, anachunguza pesa za kale. Anatafuta hela za Tabora.

Sikujua hela za Tabora ni nini, nikatikisa kichwa kama ninayejua. Mzee Bader ni mtu mwema, akanieleza bila kunicheka. Katika vita ile ya kwanza Mjerumani alizingirwa, meli haziji, sarafu zimekwisha. Akazipiga mwenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli. Shaba ya manjano. Kazi ya haraka, ya kulipualipua.

Karakana! Shaba! Haraka! Karakana ninayo. Funguo zangu ni shaba. Na haraka nimezaliwa nayo, mama alinizaa mkunga akiwa bado anavua viatu.

Mzee Bader akaendelea, akasema lakini huyu Dokta hasa anachotafuta ni... Sikumsubiri. Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Maneno ya wazee yana mkia mrefu.

Njiani nikakumbuka: hela ya namna hiyo nimeiona! Iko shingoni mwa mama mkwe wangu, Bi Adija. Imetobolewa, imetiwa uzi. Ni ya babu yake. Hata akioga haivui.

Nikamwomba niiazime. Akaniangalia tangu kichwani hadi kwenye ndala.

"Apana," akasema. "We Massoudi, kila kitu unashikaka inarudi imevunjika."

Nikabadili njia. Nikamwambia uzi umechakaa, itadondoka, nami kama mkwe mwenye adabu nataka kuitia mkufu mpya. Hapo uso wake ukalegea kidogo. Akaivua polepole, akaniwekea mkononi, akanifunga vidole juu yake.

Nilijisikia vibaya hadi kwenye kona ya msikiti. Baada ya kona nilijisikia vizuri.

Tajudini atajua mimi ni nani. Tajudini ni sonara, fundi wa fedha, duka lake linatazamana na langu, lina kioo na taa. Ndiye aliyemposa mke wangu Saliha kabla yangu. Mpaka leo, Idi ikifika, Bi Adija humpelekea sahani ya pilau. Mimi hupewa ukoko.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimesubu sarafu! Kwa mikono yangu!

Nilitengeneza kalibu kwa udongo wa mfinyanzi, nikaigandamiza humo hela ya Bi Adija pande zote mbili, nikaichukua mbabula ya Saliha, jiko lake la mkaa, nikayeyusha funguo. Sarafu ya kwanza ilitoka kama biskuti iliyoliwa na panya. Kalibu ya pili ilipasuka, paka wa jirani hajarudi mpaka sasa. Baada ya hapo zikatoka mbili safi, Alhamdulillahi. Upande mmoja taji, herufi za Mjerumani na mwaka 1916. Upande wa pili 20 HELLER ndani ya majani. Tundu nalo likatoka, mahali palepale. Hata mkwaruzo wa pembeni.

Nikaona E ya pili kwenye HELLER imegeuka, inatazama nyuma. Nikashtuka, nikadhani nimekosea. Nikaangalia ya Bi Adija. Nayo imegeuka! Nikacheka peke yangu. Mjerumani alikuwa amelewa.

Tajudini akaja kuuliza moshi ule ni wa nini. Nikamwambia nayeyusha shaba kwa ajili ya kufuli kubwa la godauni. Akasema kufuli gani linanuka ndagala. Ni kweli palikuwa pananuka, maana nilikuwa nimezitia sarafu kwenye maji ya chumvi ya ndagala wa Saliha, dagaa wa ziwani, ili zizeeke. Nikaitia na ile ya Bi Adija humohumo, mzee awafundishe vijana uzee.

Hapo ndipo akili yangu iliponikimbia. Niliporudi kuzitazama zilikuwa wazee watatu! Nyeusi zote. Zinanuka zote. Sikujua tena ipi ya nani.

Nikakaa chini. Nikafikiri kitaalamu. Iliyo nyeusi kuliko zote ndiyo ya zamani kuliko zote, mtoto anaelewa. Nikaitia mkufu nikamvisha Bi Adija. Akainama akaitazama. Akanitazama mimi. Akasema mukufu ni muzuri. Kisha akanusa vidole vyake.

Zilizobaki mbili nikaziacha kwenye mkebe, nikaenda kuswali alasiri. Saliha alikuwa anauliza kwa sauti kubwa nani amewaharibu ndagala wake. Swala haingoji mtu.

Jumatano, 8 Oktoba

Kiriri kwa miguu. Petroli hakuna, teksi hakuna, na mlima wa Kiriri haujawahi kumhurumia mtu wa Buyenzi. Nilifika nimelowa jasho kama niliyetoka ziwani. Mlinzi wa geti akadhani nimekuja kusafisha mtaro.

Dokta Elsa si mtu wa makuu. Kiswahili chake ni cha vitabuni, kinakwenda kimenyooka kama askari. Akanipa chai, akatandaza kitambaa cheusi mezani, akachukua kioo cha kukuza. Nilikuwa nimechukua sarafu moja tu. Ya pili niliiacha akiba. Mtu mwerevu haoneshi mali yote.

Aliiangalia muda mrefu. Akaigeuza. Alipofika kwenye HELLER mkono wake ukasimama hewani. Akainua uso, macho yanawaka.

"Bwana Massoudi, umeipata wapi hii?"

Ningesema ni ya mama mkwe, angetaka kumwona mama mkwe. Nikasema Buterere. Nikasema niliichimbua shambani kwenye mpunga. Sijui kwa nini Buterere! Ndilo jina lililokuja mdomoni, ulimi wangu unapenda mahali penye matope.

Akaniuliza kwa upole kama nina hakika si kazi ya fundi fulani, ya mkono. Nikakasirika. Nikaapa. Niliapa kwa kila kiapo ninachokijua na viwili nilivyovitunga palepale. Nikamwambia hiyo ni halisi, imetoka kwa Mjerumani mwenyewe, na anayesema ni ya bandia ananitukana mimi na ukoo wangu!

Akakiweka kioo chini. Nilimwona kama amevunjika moyo, sikuelewa kwa nini. Kisha akaomba aachiwe sarafu aipime, na kesho nimpeleke Buterere akaone mahali penyewe.

Nikasema bila shaka, Dokta. Nimeteremka mlima wote nikijiuliza Buterere pana shamba la nani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku mbili sikuandika. Naandika yote leo.

Alhamisi nilitangulia Buterere asubuhi na mapema, na ile sarafu ya akiba mfukoni. Nikachagua shamba lisilo na mtu, matope yamevurugwa tayari kwa mpunga. Nikaizika. Nikachomeka kijiti. Mpango wa kiungwana kabisa: Dokta anafika, nachimba, tunapata ya pili, ananiheshimu.

Mvua ikanyesha. Tulipofika na Dokta, yeye na buti zake na kamera, maji yalikuwa yamepanda. Na kijiti hakipo! Nikachimba huku. Nikachimba kule. Dokta akaniuliza kwa adabu kama huwa nachimba hivyo siku zote. Nikamwambia mambo ya kale yanataka subira.

Ndipo akaja mwenye shamba, Mama Nsimire, mwanamke mwenye mabega ya bondia. Mkononi ana kijiti changu, anafukuzia mbuzi.

"We muzee, unatafuta nini mu shamba yangu?"

Nikafungua mdomo nieleze. Mguu ukateleza. Niliingia kwenye tope kwa uso, mdomo ukiwa wazi bado. Mbuzi mmoja akapita juu ya mgongo wangu, hana haraka.

Dokta Elsa alinitandikia magazeti kwenye kiti cha gari, akanipa taulo. Tulipotoka kwenye barabara mbovu akaniambia taratibu kwamba sarafu niliyomwachia imetengenezwa juzi. Ni shaba ya funguo. Bado inanuka samaki.

Nikataka kuapa tena, akaniinulia kidole. Akasema hajakasirika. Akasema yeye utafiti wake ndio huo: pesa za bandia. Ndizo alizozijia! Pesa halisi ameona madroo mazima. Pesa za bandia zinamwambia watu wa kawaida waliishi vipi, nani alikuwa na njaa, nani alikuwa fundi. Na ile E iliyogeuka ameikuta kwenye sarafu chache sana huko Ulaya, za bandia, za wakati uleule wa vita. Hakuna anayejua nani alizitengeneza. Sarafu yangu imenakiliwa kutoka kwenye mojawapo.

"Ile uliyonakili iko wapi, Bwana Massoudi? Hiyo ndiyo naitafuta miaka yote hii."

Huo ndio mkia wa maneno ya Mzee Bader! Ningengoja mlangoni kidogo tu ningeusikia. Nimemwapia mtafuta bandia kwamba bandia yangu si bandia. Punda angefanya vizuri zaidi, angalau punda haapi.

Nikamwambia yote. Ni ya mama mkwe wangu, Bi Adija wa Buyenzi. Kisha nikaumauma ulimi, maana nilikumbuka kwamba sijui ya Bi Adija iko wapi. Iko shingoni kwake, au iko kwenye tope la Buterere nilikoizika kwa mkono wangu mwenyewe.

Ijumaa baada ya swala nilijipendekeza kwa Bi Adija. Nikamchukulia sahani, nikammiminia maji, yote hayo nipate kuinama karibu na shingo yake. Nikaiona. Inang'aa! Inang'aa kama kijiko cha harusi. Kitu cha kale haking'ai. Basi ile ya shingoni ni yangu, na ya babu yake wanaikanyaga mbuzi.

Bi Adija akaniuliza kama nimeona funza kwenye pilau yake. Nikasema apana, Mama.

Jana hiyohiyo nilimtazama akivuta mkufu kwa kidole, mbele, nyuma, kama wazee wanavyovuta tasbihi. Anafanya hivyo akifikiri. Mume wake alipofariki alifanya hivyo wiki nzima. Nilijiambia, Massoudi, leo umeiba kitu ambacho hata mwizi wa Kamenge angerudisha.

Leo nimerudi Buterere. Nikamwangukia Mama Nsimire, nikamweleza kweli tupu. Akasikiliza, akanipa jembe. Akasema nitafute, ruhusa, lakini nitafute huku nasawazisha shamba lote, na kingo nizijenge, na mfereji niuzibue. Mi nimesawazisha! Mgongo umeninyooka kisha ukakataa kukunjika. Wapita njia walimsifu Mama Nsimire kwa kupata kibarua mzuri ingawa mzee.

Mfereji nilipouzibua, ikatoka! Nyeusi, na tundu lake, na E yake! Nikapiga kelele, nikaibusu pamoja na tope lake. Nikatoka mbio hadi Kiriri, bila kunawa, mlinzi akasema leo mtaro nimeuleta mwenyewe.

Nikaingia sebuleni kwa Dokta Elsa nimeinua sarafu juu kama kombe.

Kwenye kochi amekaa Bi Adija. Kando yake Saliha. Mkabala nao Tajudini, na shati la pasi. Wanakunywa chai. Mzee Bader amewaleta kwa gari lake. Dokta alikuwa amempigia simu kumwuliza Bi Adija ni nani, ikawa rahisi hivyo. Mzee Bader alitaka awepo mtu anayejua metali, akamchukua Tajudini. Mimi hawakunipata. Nilikuwa kwenye mfereji.

Nikampa Dokta sarafu, nikasema hii hapa, ndiyo yenyewe. Akaifuta. Akatazama kwa kioo. Akampa Tajudini. Tajudini akainusa akairudisha.

"Hii nayo ni yako, Bwana Massoudi," Dokta akasema.

Na ya kweli? Bi Adija akagusa shingo yake.

"Mi nimevaa hela ya babu tangu nikiwa musichana. We unafikiri sitasikia shingo imekuwa nyepesi? Siku ile ile, we ukienda kuswali, nikaenda ku mukebe yako, nikashika zile mbili, nikajua yangu. Nikabadilisha. Kisha nikaisugua na ndimu na majivu, maana ilikuwa inanuka ndagala."

Nilitafuta mahali pa kukaa. Saliha akaweka mkono juu ya kiti kilichokuwa kitupu, akasema nitakichafua. Nikabaki nimesimama, nachuruza tope kwenye zulia la watu.

Dokta akamwomba Bi Adija aendelee pale alipoachia. Nami nikasikia habari ambayo nimeishi nayo nyumba moja miaka yote bila kuiuliza. Babu yake, Fundi Abdu, alikuwa Tabora wakati wa vita. Wapagazi walikuwa wanalipwa makaratasi, na sokoni mtu hatoi hata muhogo kwa karatasi. Watu wanabeba mizigo ya Mjerumani na njaa tumboni. Fundi Abdu akaanza kupiga hela zake kwa siri, anawagawia wapagazi wakanunue chakula. Alikamatwa. Alikuwa amefungwa anangoja fimbo pale Wabelgiji walipoingia mji, Mjerumani akakimbia. Abdu akafuatana na watu waliokuja huku, akamwoa Mrundi, akabaki na hela moja tu.

Dokta akauliza kuhusu ile E.

Bi Adija akacheka, mara ya kwanza wiki hii. "Babu alikuwa anasoma Kurani tu. Maandishi ya Wazungu hakujua. Mukono yake ilizoea kutoka kuume kwenda kushoto. Hiyo moja ilimuponyoka."

Dokta Elsa akavua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi. Akasema ameitafuta E hiyo tangu alipokuwa mwanafunzi, na leo ina jina la mtu. Hakuomba kuinunua. Aliomba kuipiga picha tu, na kurekodi sauti ya Bi Adija, na aandike jina la Fundi Abdu panapostahili. Bi Adija akasema andika vizuri, binti yangu, na baba yake aliitwa Khaled.

Kisha akanigeukia mimi.

"Babu yangu alidanganya Mujerumani ili watu wakule. We unadanganya nani, mukwe wangu? Mama wa bibi yako Saliha. Na shauri ya nini? Kama ulitaka hii hela nikuambie habari yake, ungeniuliza. Hakuna mutu aliniulizaka."

Nilisema nisamehe, Mama, na kwa mara ya kwanza sikuongeza kiapo.

Akavuta mkufu, mbele, nyuma. Akasema mkufu ni mzuri kweli, atabaki nao.

Tumerudi kwa gari la Mzee Bader. Mimi nyuma kabisa, juu ya gunia, na dirisha wazi. Tajudini hakunicheka njia nzima, na hilo liliniuma kuliko kucheka. Saliha alingoja tufike mlangoni kwetu. Akaniambia nikaoge uani, nguo niziache hukohuko. Halafu akanipakulia chakula. Nimekikuta kimefunikwa.

Nimeahidi mbele ya Mungu: sitanakili kitu cha kale tena. Yamekwisha. Mimi ni fundi funguo na nitakufa fundi funguo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Dokta Elsa ameondoka leo. Nilikwenda kumbebea masanduku, kwa hiari yangu, kuonesha moyo uliobadilika. Mtu mwema sana. Amenionesha sarafu zangu mbili zimetiwa kwenye vifuko vya plastiki, zimeandikiwa "nakala za kisasa, Bujumbura". Nimo kwenye utafiti! Tajudini hayumo.

Wakati tunangoja gari tukaongea. Mimi niliuliza maswali kama Bi Adija alivyonifundisha, na nikasikiliza hadi mwisho. Akanieleza habari za noti. Miaka ya mwanzo ya uhuru, noti zilizokuwa za Rwanda na Burundi pamoja ziligongwa neno moja juu yake, BURUNDI, zikawa za kwetu. Zenye neno hilo ni adimu. Zisizo nalo zinapatikana kwa urahisi zaidi.

Neno moja tu!

Niliahidi kuhusu kunakili. Hapa hakuna kunakili. Noti ni ya kweli, ya zamani kweli, mimi naimalizia tu. Hakuna moto, hakuna ndagala, hakuna kitu cha mama mkwe. Na neno lenyewe ni jina la nchi yangu, nimeliandika tangu darasa la kwanza, haliwezi kuniponyoka.

Mchana nikanunua mpira mgumu kwa fundi viatu, nikachonga muhuri. Kazi ya utulivu. Nilitoa ulimi nje kama nilivyokuwa nafanya shuleni. Alasiri nikaujaribu kwenye karatasi ya sukari. Wallahi umetoka vizuri! Wino umekolea, mstari umenyooka, herufi zote sita zinatazama zinakotakiwa.

BURUDI.

Kesho natafuta noti.